Safari ya Kumsuta Wifi

Wifi ni wifi, hata akiwa na mvi kichwani na magoti yanayolia kama mlango wa zamani. Idella Rucker alikuwa ameolewa na Otha kwa zaidi ya nusu karne, na katika muda wote huo haikupita Jumapili ambayo Vernell, dada yake Otha, alikuja kula chakula cha mchana bila kuleta jambo. Mara sauti ya mchungaji inakwaruza. Mara Idella kazidisha pilipili kwenye kunde. Jumapili hiyo, mwishoni mwa Agosti, alileta maporomoko ya maji.

Alikuwa ametoka Greenville, ng'ambo ya mpaka, Carolina Kusini, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Wao wenyewe walikaa Elberton, mji mdogo wa Georgia ambao riziki yake ni kuchonga mawe ya makaburi. Otha aliyang'arisha mawe hayo maisha yake yote mpaka alipostaafu, na mikono yake mpaka leo ilikuwa laini kama ya mtu asiyefanya kazi.

"Mji umekua, wifi," alisema Vernell huku akijipakulia bamia. "Maghorofa yameota kama uyoga. Na katikati ya mji, katikati kabisa, kuna maporomoko ya maji. Unatoka dukani, unavuka barabara, unakutana nayo."

Idella akaweka kijiko chini. "Maporomoko gani?"

"Ya maji. Yanaporomoka."

"Greenville?"

"Greenville."

"Vernell, mimi nimezaliwa Greenville."

"Hilo najua."

"Nimekaa pale mpaka nina miaka kumi na miwili. Nyumba yetu na mto ilikuwa pua na mdomo. Hakuna maporomoko. Kuna mto mchafu, kuna nyoka, kuna kiwanda. Basi."

Otha aliendelea kula. Mwanamume aliyekaa kati ya mke na dada kwa miaka yote hiyo hujifunza kutafuna polepole.

Vernell akatoa simu kwenye mkoba, akavaa miwani, akatafuta picha kwa kidole kimoja, akamsogezea. Idella akaitazama kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa uchafu. Kulikuwa na maji meupe, mawe, na daraja jembamba lililopinda.

"Siku hizi simu inaweza kumvika ng'ombe miwani," alisema, akairudisha.

"Nilisimama pale kwa miguu yangu hii."

"Na magoti yako hayo, sijui ulisimama wapi."

Mabishano yalipofika hapo, Idella akaamua kumwita shahidi. Dada yake mkubwa, Arzula, alikaa Philadelphia tangu usichana wake. Aliendesha basi la abiria huko mpaka akastaafu, na sauti yake ilibaki ile ya kuwaambia watu wasogee nyuma. Idella akampigia, akaiweka simu mezani, katikati ya mkate wa mahindi na sahani ya nyanya, ili wote wasikie.

"Dada, hebu mwambie wifi yangu. Greenville kuna maporomoko ya maji?"

"Nani kasema?"

"Vernell."

"Mwambie apunguze dawa ya kikohozi."

Otha akapaliwa. Idella akampiga mgongoni bila kumwangalia. Macho yake yalikuwa kwa Vernell.

"Dada Arzula, hujambo," alisema Vernell kwa adabu kubwa. "Yapo. Yako karibu na pale palipokuwa na kiwanda cha nguo."

"Nyuma ya kiwanda kile tulikuwa tunakaa sisi," ilijibu simu. "Kuna kichaka, na kuna maji ambayo leo ni mekundu na kesho ni buluu, kwa jinsi walivyoamka kutia nguo rangi huko juu. Mama alisema atakayetia mguu kichakani atachapwa na yeye, kisha ataumwa na nyoka, kisha atachapwa tena. Maporomoko yangekuwepo, tungeyajua. Haya, nina sufuria jikoni."

Vernell akafuta mdomo taratibu. "Basi twende," alisema.

"Wapi?"

"Greenville. Wikendi moja tu. Tunaondoka Ijumaa, tunarudi Jumapili. Kaka anatoka kidogo nje, maana ataota ukungu kwenye hicho kiti. Wewe utanisuta mbele ya macho yangu. Na atakayeshindwa, asimame kanisani wakati wa shuhuda, aseme mbele ya watu: wifi yangu alisema kweli."

"Wabatisti hawachezi kamari," alisema Otha. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu sala ya chakula.

"Hii si kamari, kaka. Ni ushuhuda."

Idella akampa mkono juu ya meza.

Kupanga safari ya siku tatu kukawachukua mwezi mzima na zaidi. Otha hakutaka kulalia mto wa mtu mwingine, kwa hiyo mto wake ukaingia kwenye hesabu ya mizigo. Halafu kukawa na suala la mpira. Njia yao ilipita karibu na chuo cha Clemson, na timu ya chuo inapocheza nyumbani Jumamosi, tangu Ijumaa barabara zote za upande ule hujaa magari yenye bendera, mtu akakaa njiani mpaka akasahau alikokuwa akienda. Vernell, ambaye hakuwahi kushika mpira mkononi, aliijua ratiba ya timu ile kuliko Zaburi. Akawatafutia wikendi ya Oktoba ambayo vijana wa Clemson wangekuwa ugenini.

Hoteli za katikati ya mji zilikuwa zimejaa harusi. Vernell akapata nyingine nje kidogo, kando ya barabara kuu, vyumba viwili vinavyopakana. Idella akauliza kama chai ya asubuhi imo. Vernell akasema imo. Idella akauliza kama ni chai ya kweli au ni maji yaliyoonyeshwa majani. Vernell akamwambia apige simu mwenyewe aulize, na Idella akapiga, akauliza.

Kisha chakula cha njiani. Idella alitangaza kwamba atakaanga kuku.

"Mwendo wenyewe ni wa saa moja na kitu," alisema Otha. "Na siku hizi migahawa iko kila kona."

"Migahawa iko. Kuku wangu hayuko humo."

Otha alijua sababu. Wazazi wa wote wawili, enzi zao, hawakusafiri bila kuku kwenye boksi la viatu, kwa kuwa njia nzima hapakuwa na mlango wa mbele wa kumpokea mtu mweusi akae mezani ale. Milango ilikuja kufunguliwa, lakini mkono wa Idella ulikuwa umeshajifunza: safari ni kuku.

Jambo lililomshangaza mwenyewe ni kwamba alianza kuitamani safari. Alinunua viatu vya kutembelea. Alipokuwa anaosha vyombo alijikuta anaitafuta ile nyumba kichwani: baraza la mbao, ndoo chini ya bomba, ngazi tatu zilizoegemezwa kwenye matofali. Kichaka kilikuwa nyuma, kirefu, kimefungamana na mizabibu ya mwituni, na zaidi ya hapo hakukumbuka kitu, maana zaidi ya hapo hakuwahi kufika. Alipokuwa mdogo watu walikuja na mitambo, wakajenga daraja kubwa la zege la kupitisha magari juu ya bonde lile, na jua likapungua uani kwao. Kisha baba yake, Lonzo, ambaye alikuwa akipakia marobota ya pamba kwenye ghala la kiwanda, alipata kazi ya machimbo ya mawe Elberton, wakahama. Tangu hapo Idella alirudi Greenville kwa mazishi tu. Alipita na gari juu ya daraja lile, akiwa na nguo nyeusi na leso mkononi, hakutazama chini.

Kwa hiyo alikuwa na uhakika. Alikuwa na uhakika kama wa mtu anayeulizwa jina la mama yake.

Ijumaa ilipofika, Vernell alishika usukani, Otha akakaa mbele na mto wake mapajani, Idella akakaa nyuma na boksi la kuku. Walipita Hartwell, wakavuka ziwa, maji yakiwa yametulia na miti ya ukingoni imeanza kushika rangi ya kutu. Upande wa pili walisimama kwenye kibanda cha mzee mmoja aliyekuwa akichemsha karanga kwenye sufuria kubwa nje, wakanunua mfuko, wakala huku wakitupa maganda kwenye kikombe. Vernell aliongea njia nzima. Idella alimwacha aongee, kama mtu anavyomwacha kuku ale mahindi ya mwisho.

"Ukishasimama kanisani," alisema Idella, "vaa ile kofia ya zambarau. Nataka hata walioko nyuma wakuone."

"Nitakuazima wewe," alijibu Vernell.

Mji ulianza kabla hawajautarajia. Zamani palikuwa na mashamba ya mapichi mpaka karibu kabisa. Sasa nyumba ziliwapokea mapema, mtaa baada ya mtaa, nyumba mpya zinazofanana kama ndugu, halafu maghala makubwa, halafu winchi ndefu za ujenzi zikiwa zimesimama juu ya maghorofa ambayo hayajavaa kuta. Idella alikuwa ameketi wima. Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu anachokijua. Waliegesha gari karibu na barabara kuu ya mji, wakashuka, na hapo akasimama.

Barabara ilikuwa na miti pande zote mbili, mikubwa, matawi yake yamekutana juu. Watu walikuwa wameketi chini ya miti hiyo wakila, kila rangi ya watu, wengine na mbwa miguuni, bila haraka yoyote. Alitazama kona moja, akaijua kwa umbo la paa lake.

"Pale mama alininunulia kofia ya Pasaka," alisema. "Hatukuruhusiwa kuijaribu. Alinipima kichwa na uzi nyumbani, akaenda na uzi."

"Ikakutosha?" aliuliza Otha.

"Ilinibana mpaka Ufufuo."

Sasa palikuwa na watu wanakunywa kahawa. Mwanamke mweusi kijana alikaa dirishani na kompyuta yake, amevua viatu, amekunja miguu kitini kama yuko kwao. Idella alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Waliteremka na barabara. Vernell alikuwa ameacha kuongea, na hilo peke yake lingemshtua mtu. Idella aliongoza sasa. Alijua kwamba ukishuka hivi utafika kwenye lile daraja kubwa la zege, na kwamba kutoka pale, ukigeukia kushoto, ndipo ulipokuwa uchochoro wao. Alikuwa ameshaandaa maneno. Alikusudia kusimama pale darajani, kuonyesha kwa mkono, na kusema: haya, Vernell, niporomoshee.

Lakini alifika mahali daraja lilipotakiwa kuwa, na palikuwa na mbingu.

"Daraja liko wapi?" aliuliza. Hakumuuliza mtu hasa. Aligeuka nyuma, akageuka mbele. Palikuwa na bustani, majani yamekatwa vizuri, maua ya Oktoba, na njia inayoteremka. Na kelele. Alikuwa ameisikia tangu juu akadhani ni magari.

"Walilibomoa, mama." Aliyesema ni mwanamke wa Kizungu wa umri wake, aliyeketi kwenye benchi la mawe na mbwa mdogo mwenye koti. "Miaka zaidi ya ishirini sasa. Mimi mwenyewe sikulikuta, nimehamia hapa juzijuzi kutoka Ohio. Wanasema lilikuwa limeyafunika yote."

"Limefunika nini?"

Mwanamke yule alishangaa kidogo, akaonyesha kwa kidevu.

Idella akapiga hatua chache mbele, mpaka kwenye ukingo.

Mto Reedy ulikuwa unakuja kwa utulivu kutoka juu, umepanuka kama shuka linalokung'utwa, halafu ghafla ardhi yote chini yake inaondoka. Maji yalianguka kwenye ngazi za mwamba, yakagawanyika, yakakutana, yakaanguka tena, meupe, mapana kuliko kanisa lao, mapana kuliko kitu chochote alichowahi kukiona kikitembea. Mvuke mwembamba ulikuwa unapanda na jua la mchana limenasa ndani yake. Juu ya bonde, daraja jembamba la waendao kwa miguu lilipita likiwa limepinda kama mkono uliokunjwa, limening'inizwa kwa nyaya za upande mmoja tu, na watu walikuwa wakipita juu yake wadogo kama ndege kwenye waya. Chini, kwenye mawe, watoto walikuwa wameketi. Bi harusi alikuwa akipigwa picha, gauni limeshikwa na wanawake watatu lisilowe.

Idella alishika ukuta mfupi wa mawe uliokuwa mbele yake. Kisha akajikuta anatazama kushoto, juu ya kijiteremko chenye nyasi, mahali ambapo familia moja ilikuwa imetandika blanketi, na akapima kwa macho. Uchochoro ulikuwa pale. Baraza la mbao lilikuwa pale. Kutoka baraza lile hadi maji haya, mtoto angerusha jiwe likafika, tena mtoto wa kike mwenye mkono mbaya kama yeye.

Utoto mzima alicheza kwa kuyapa mgongo.

"Wifi," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Nitasimama kanisani."

Alitegemea kicheko. Alikuwa tayari kukipokea, kwa kuwa angeshinda yeye asingemhurumia Vernell. Lakini Vernell alikuwa amekuja kusimama karibu naye, bega kwa bega, na aliposema, alisema taratibu.

"Kaa kwanza, wifi. Kanisa haliondoki."

Yule mwanamke wa Ohio akamvuta mbwa wake, akawapisha kwenye benchi. Wakaketi. Akawauliza kama ni mara yao ya kwanza kuja Greenville.

"Nilizaliwa pale," alisema Idella, akaonyesha blanketi la watu.

Mwanamke akatazama nyasi, kisha akamtazama Idella, kisha nyasi tena. Alivua kofia yake ya jua akaiweka mapajani, kama watu wanavyofanya msiba unapopita, au mfalme.

Baada ya kitambo Idella alitoa simu. Vernell ndiye aliyebonyeza namba.

"Dada," alisema Idella. "Niko Greenville."

"Umeshamsuta?" iliuliza sauti ya Arzula.

"Dada, hebu ngoja."

Hakujua aanzie wapi. Kisha, kwa kuwa maneno yalikataa, akaiinua simu, akainyoosha kuelekea majini, akaishikilia hivyo mpaka mkono ukaanza kuchoka. Kisha akairudisha sikioni.

"Dada? Umesikia?"

"Mbona umeenda nyumbani?" alisema Arzula. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya basi tena. "Hiyo ni Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Jumapili asubuhi, Della. Kiwanda kikiwa kimefungwa na mashine zimenyamaza. Tumelala kitanda kimoja, wewe upande wa ukutani. Hukumbuki? Kulikuwa na mngurumo nyuma ya nyumba. Wewe ulikuwa unaogopa. Baba alikuwa anakuja mlangoni anasema, 'Lala mwanangu, ni mji huo. Umechoka, unakoroma.'"

Idella akafumba macho. Na ikaja, si kama kumbukumbu inavyokuja, bali kama harufu: shuka la magunia ya unga, mguu wa baridi wa dada yake, ukuta, na nyuma ya ukuta pumzi ile kubwa isiyokatika. Alikuwa na miaka minne, pengine mitano. Aliyaamini maneno ya baba yake kabisa, kwamba miji hulala na kukoroma. Alipokua akaacha kuamini, na alipoacha kuamini akaacha pia kusikia. Lakini kitu chenyewe kilikuwapo. Kilikuwa hiki. Kilianguka usiku na mchana nyuma ya kichwa chake kwa miaka kumi na miwili, kikaendelea kuanguka chini ya zege alipokuwa anaolewa, anazaa, anazika, hakikungoja mtu ajue.

"Baba alijua ni nini?" aliuliza.

"Sijui. Pengine alijua. Pengine hakutaka tuje tuzame." Arzula akavuta pumzi. "Ni makubwa?"

"Dada, ni makubwa."

"Kiasi gani?"

Idella alijaribu. Alisema ni kama kanisa, akasema hapana, ni kama treni la mizigo likipita bila mwisho, ila jeupe, akasema na hilo silo. Mwishoni alisema, "Vernell amenyamaza," na upande wa pili Arzula akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ya chini sana.

Otha hakuwa pale. Walipomtafuta kwa macho walimwona ameteremka hadi chini, kwenye mawe, amepiga goti moja, na yule mtu asiyependa kutoka nyumbani alikuwa amekunja mikono ya shati. Idella akashuka taratibu na viatu vyake vipya, akishikwa na Vernell, na wote wawili wakijifanya kwamba ni mwingine ndiye anayeshikwa.

Otha alikuwa anapapasa mwamba. Alipitisha kiganja chake kwenye mviringo mmoja ambapo maji yalikuwa yamechimba shimo kama bakuli, akakirudisha, akakipitisha tena, kama alivyofanya maelfu ya mara kazini kabla ya kusema jiwe liko tayari kuandikwa jina.

"Njoo uguse," alimwambia mkewe.

Aligusa. Lilikuwa laini kama shavu.

"Mimi kupata hivi," alisema Otha, "natumia msasa wa aina sita, na mashine, na mvua ya maji juu yake siku nzima. Na bado msimamizi atakuja na taa atafute mkwaruzo." Alitazama maji yanavyokuja. "Huyu hana haraka, wala hana msimamizi. Anapita tu."

"Walitufunikia, Otha," alisema Idella. Lilimtoka ghafla, na kulikuwa na uchungu ndani yake. "Kitu kama hiki. Wakatupa kivuli cha magari."

"Walijifunikia na wao."

"Sisi ndio tuliokuwa tunakaa hapa."

"Ni kweli," alisema Otha. "Nyinyi ndio mliokuwa mnakaa."

Walikaa kwenye mwamba wote watatu, wakafungua boksi la kuku. Wakala kwa mikono, pale pale katikati ya mji, mbele ya kila mtu, na matone ya maji yakiwafikia usoni upepo ulipogeuka. Vernell alisema kuku amezidi pilipili. Idella akamwongezea paja. Jua lilipoanza kuteremka walipanda lile daraja la kupinda, Vernell katikati, amefumba macho kwa sababu lilikuwa linatikisika kidogo chini ya miguu ya watu, na alipofika katikati akayafumbua, akasahau kuogopa.

Hotelini hawakukaa sana. Jumamosi walirudi asubuhi, wakarudi na jioni. Jumapili, kabla ya kushika njia ya Elberton, Idella aliomba dakika moja tu, wakakaa mpaka kahawa zao zikapoa. Kila mara alikuwa akidhani atakuta yamepungua, kama vitu vingi vinavyopungua ukivitazama mara ya pili. Hayakupungua. Palikuwa na watu wengine kila mara, wazee kwa watoto, nao wote walifika pale wakiongea na wakanyamaza mahali pale pale.

Arzula alikuja majira ya kuchipua. Alisema hapandi ndege, kwa hiyo alipanda treni kutoka Philadelphia, akashuka Greenville kabla hakujapambazuka vizuri, mwembamba, na fimbo, na koti lake zito la kaskazini. Walimpeleka moja kwa moja. Kulikuwa na ukungu, na bustani ilikuwa tupu isipokuwa wakimbiaji wawili watatu. Idella alikuwa amejiandaa kumwelezea: hapa lilikuwa daraja, pale uchochoro, mwamba huu Otha anasema hivi na hivi. Alimketisha dada yake kwenye benchi la mawe, akamfunika magoti kwa blanketi, akasimama mbele yake, akaanza.

Arzula alinyoosha fimbo, akamgusa nayo kwenye nyonga, kwa upole, ampishe.

"Sogea kidogo, Della," alisema. "Unanizibia."